Vikorokoro vya Mauza

Ulianza mshipi.
Mchuuzi wa mkaa kutoka Kwihara aliuleta nimshonee,
umekatika shingoni mwa punda wake.
Niliusugua kwa mate na kitambaa, nikaona
mshono wa mkono, uzi wa kitani uliopakwa nta,
matundu kumi katika urefu wa kidole,
na chini ya jasho la punda, muhuri: taji, mwaka, herufi mbili.
Mimi fundi viatu wa Isevya, mwana wa fundi viatu,
sijapata kushona namna ile.
Nikampa yule bwana hatamu mpya na elfu nne juu.
Akaondoka akinicheka. Punda naye, nadhani.

Tangu hapo ni miaka kumi na tisa
nasaka vikorokoro vya Mauza ya Mdachi:
klipu ya risasi tano, iliyokuwa ikibana noti dukani kwa Hamdani;
kikopo cha mafuta chenye vyumba viwili,
nilikikuta kimejaa ugoro, na ugoro ulikuwa mzuri;
ufito wa kusafishia mtutu,
huo ulikuwa Ng'ambo, umechomekwa mishikaki,
nikala nyama yote ili niupate.

Kifuniko cha mdomo, cha shaba, chenye kijimlango mbele,
kilikuwa kizibo cha kibuyu cha asali kule Sikonge.
Hicho ni adimu. Shaba ya siku zile, wasema,
iliyeyushwa hapahapa Tabora, karakana ya reli,
ikawa hela.
Vita vikaisha, hela zile zikafa, neno likabaki.
Hata leo nikikosa hela ya unga
nalitamka la kwao, na deni ni la mwenye duka.

Mke wangu Kalunde amehesabu.
"Kofia yake unayo. Mkanda unao. Mafuta ya kumpaka unayo.
Bwana harusi hayupo, wewe unanunua nguo.
Hiyo Mauza yako ni mauzauza."

Kisha akaja Afande Mwakibete,
mtu kamnong'oneza kwamba kwangu kuna silaha.
Akapindua droo, akapanga kila kitu juu ya mkeka,
kwa unadhifu kuliko mimi.
Bunduki iko wapi?
Sina, afande.
Ilikuwepo?
Haijawahi.
Akaandika daftarini, akijisomea kwa sauti:
"Vifaa mbalimbali vya bunduki isiyokuwepo."
Nikamwomba nakala. Akakataa.

Kilichonikosesha usingizi ni mkoba wa risasi,
ule wa mkandani, wa vijumba vitatu.
Miaka minne nasikia uko Itaga kwa Bi Nyamizi, mkunga.
Juzi nikaenda kwa baiskeli, laki mbili ndani ya soksi.
Akauleta. Mshono ule ule,
niliujua kabla sijavaa miwani.
Nikasema laki. Nikasema laki na nusu.
Yeye akafungua kijumba cha kwanza: wembe na uzi.
Cha pili: vitovu vikavu,
kila kimoja na kitambaa chake, na fundo lake,
vya watoto waliohamishwa kabla hakijadondoka kitu ardhini.
"Watarudi kuuliza kwao ni wapi," akasema.
Cha tatu kilikuwa kitupu.
"Hicho kifuniko kimelegea. Wewe si fundi?"

Nikatoa sindano, nikatoa nta.
Matundu ya zamani yalikuwepo, sikutoboa jipya.
Uzi wangu ukapita mle mle alimopita Mdachi nisiyemjua,
au mwanagenzi wake, mtoto mwenye baridi vidoleni,
asiyeambiwa mkoba unakwenda wapi.
Nilimaliza jua limeshashuka nyuma ya miombo.
Bi Nyamizi akakibonyeza kifuniko mara tatu, kikaitika.
Hakunilipa. Alinifungia karanga.

Njia nzima ya kurudi
zile laki mbili ziliniwasha kisigino.